Mama akauliza mvua iko wapi: kugeuza kanda za bibi kwa programu za bure

Assalaam aleikum ndugu zangu. Leo nataka kuzungumza habari ya kukonvati, yaani kugeuza faili la sauti au video kutoka namna moja kwenda namna nyengine, maana haipiti wiki sijaulizwa, huyu video yake haichezi kwenye tivii, yule kanda za babaake ziko kabatini zinaliwa na ukungu, na wengi wao washatoa hela kwa vitu ambavyo vipo bure na ni vizuri zaidi. Na lipo moja ambalo nalisema kwa uchungu kwa sababu limenifika mwenyewe.

Kwetu Wete lakini naishi Unguja mjini. Ramadhani iliyopita nlikwenda nyumbani kufuturu na wazee, mama akanitolea bati la biskuti, ndani mna kanda kumi na moja za redio, za miaka ya themanini. Nyie mliokuwa na ndugu Maskati au Dubai mnaijua hii, zamani kupiga simu ilikuwa shughuli, basi watu wanakaa na redio kaseti wanazungumza weee mpaka upande umalizike, kanda inatiwa kwenye bahasha anapewa msafiri, na kule nako wakishasikiliza wanarudisha majibu hivyo hivyo. Barua ya sauti. Bibi yangu alikuwa haandiki herufi za kizungu, kwa hivyo hizi ndo zilokuwa barua zake kwa mjomba, na mjomba Mungu ampe umri alizitunza zote, alipokuja kutembea akamkabidhi mama. Bibi hatunae tena. Picha yake tunayo moja tu ya kitambulisho, lakini sauti yake ipo, masaa na masaa.

Sasa kanda si kitu cha kudumu, na kwa unyevu wa kwetu ndo kabisa. Nyengine ukiitazama kwenye kile kidirisha unaona vumbi jeupe limeshika pembeni ya mkanda, ule ndo ukungu, usiitie kwenye redio mbio mbio, utachafua kichwa cha redio na utaupeleka ukungu kwenye kanda nzima nyengine. Kuna iliyokuwa kile kisponji kidogo cha katikati kimetoka, sauti ikawa inakwenda mbali inarudi. Nlikitoa kisponji cha kanda mpya isokuwa na kitu nikakibandika pale, ikasema. Na zote kabla ya kuzicheza nlizizungusha mbele na nyuma mara moja kwa kalamu, taratibu, ili mkanda uachane.

Kuzirikodi nlitumia Audacity. Hii ni programu ya bure, huria, yaani msimbo wake uko wazi mtu yeyote anaweza kuusoma, ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg pale chuo kikuu cha Carnegie Mellon Marekani, na ikatolewa kwa watu mwaka 2000. Unachukua waya wa oksi, ule wenye pini pande zote mbili, upande mmoja kwenye tundu la hedifoni la redio, upande wa pili kwenye laptopu. Tatizo laptopu nyingi za siku hizi zina tundu moja tu na haliusomi huo waya, mie ilinibidi ninunue kile kikadi cha sauti cha USB, kidogo kama flashi, ndo mambo yakaenda. Halafu unabonyeza kitufe chekundu na unasubiri, kanda ya saa moja inakula saa moja, hakuna njia ya mkato hapo. Angalia tu ile mistari ya kiwango cha sauti isigonge mwisho kulia, ikigonga sauti inapasuka na hiyo huirudishi tena kwa programu yoyote.

Redio ya zamani ya spika moja ilirikodi mono, yaani njia moja ya sauti, basi na wewe rikodi mono, utapunguza ukubwa nusu bila kupoteza hata chembe. Saa moja ya WAV mono, WAV ni sauti isobanwa, kwa kiwango kile cha CD cha vipimo 44,100 kwa sekunde na biti 16, ni kama MB 317. Sterio ni MB 635. Ni kubwa ndio, lakini subirini.

Kanda ya kwanza nlipomaliza kuirikodi nkaona ina ule mnong'ono, shhhhh, wa kanda kuukuu. Audacity ina sehemu ya kupunguza kelele, unachagua sekunde mbili tatu ambazo hakuna mtu anaezungumza, unaiambia hii ndo kelele ijue, halafu unachagua kanda nzima na inaiondoa. Nikavuta mpaka juu. Sauti ya bibi ikatoka safi kama yuko chumba cha pili. Nlifurahi sijui niseme nini, nikaigeuza MP3 hapo hapo, usiku baada ya tarawehe nikamuita mama nikamtilia kwenye spika.

Mama akasikiliza kimya. Bibi anazungumza habari za karafuu, nani kaoa, nani kazaa, kisha anamwambia mjomba, "Nyamaza usikie mvua ya kwenu." Halafu ananyamaza. Na baada ya hapo ni kimya tu, kimya kabisa, kama spika imezimwa, mpaka anarudi tena kuzungumza.

Mama akanitazama akauliza, "Mvua iko wapi?"

Mvua nlikuwa nimeifuta mie. Kwa kompyuta mvua inayopiga kwenye bati na ule mnong'ono wa kanda ni kitu kimoja, vyote ni shhh, nlipoiambia iondoe kelele ikaondoa vyote viwili. Bibi alinyamaza makusudi, karibu dakika nzima, kanda inakwenda, ili mwanawe aliyeko jangwani aisikie mvua ya Wete, na mie nikaifanya kimya kwa kubonyeza mara mbili.

Alhamdulillahi ile WAV ya mwanzo nlikuwa sijaifuta. Nikamtilia ile, na mnong'ono wake wote, na mvua ikaja, na kwa mbali jogoo, na mtu anapiga hodi ambae mama alimjua kwa sauti tu akamtaja jina. Akaniambia hii ndo sahihi, ile nyengine usimpe mtu.

Hapo ndo lile neno langu. Faili la kwanza kabisa, lile lililotoka kwenye kanda au kwenye kamera au kwenye simu, liache kama lilivyo, usilisafishe wala usilikate, unapotaka kukonvati toa kopi ukonvati kopi. Najua watu wanafuta ili kupata nafasi. Kama shida ni nafasi igeuze FLAC, hii ni namna ya kubana sauti bila kupoteza kitu, ilitoka mwaka 2001 na ni ya bure, saa yangu ile ya MB 317 ilishuka karibu nusu na ukiirudisha WAV unapata kile kile, biti kwa biti. MP3 si hivyo. MP3 inabana kwa kutupa, inatupa vile inavyohesabu kwamba sikio halitovisikia, na kilichotupwa hakirudi.

Fikiria nazi. Unaikuna unakamua kasimile, lile tui la kwanza zito. Ukitia maji kwenye chicha ukakamua tena unapata tui, lakini jepesi, na la tatu ni maji meupe tu. MP3 iliyotengenezwa kutoka MP3 nyengine ndo tui la pili. Na wale wanaochukua MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde wanaikonvati kwenda 320 wakidhani inakuwa nzuri, hapo umeongeza maji kwenye sufuria, faili limekuwa kubwa na utamu ni ule ule au umepungua. Vivyo hivyo voisi noti za WhatsApp, zile tayari zishabanwa kwa Opus, namna nyengine ya kubana kwa kutupa, ukizigeuza MP3 unabana kilichobanwa. Geuza kama kifaa chako hakiwezi kuisoma, sawa, lakini ile ya asili iweke pahala.

Kwa kusikiliza MP3 haina ubaya, tena ndo inayokubali kila pahala, sabufa ya flashi, redio ya gari, simu ya vitufe. Kwa mazungumzo ya mtu mmoja, mono, kilobiti 96 inatosha sana, saa nzima inakuwa kama MB 43. Zamani Audacity ilikuwa haitoi MP3 mpaka udaunlodi kitu chengine pembeni kinaitwa LAME, kwa sababu MP3 ilikuwa na hataza (patent) za wenyewe. Siku hizi imo ndani, na mpango wa leseni za hataza hizo ulifungwa mwaka 2017, kwa hivyo mtu akikwambia lazima ulipie ili utoe MP3 mwambie ahsante.

Nyumbani walitaka kanda zote kumi na moja kwenye flashi, pande zote, ishirini na mbili, na kukaa nafungua moja moja nkaona usiku utakwisha. Hapo ndo pa FFmpeg. Hii wengi wanaiogopa kwa sababu haina vitufe, unaandika maneno kwenye lile dirisha jeusi, Command Prompt ya Windows, lakini ndo mama wa hizi zote, ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na VLC na HandBrake, programu nyengine za bure nitakazozitaja mbele, zote zinatumia kazi yake kwa ndani. Unafungua dirisha jeusi kwenye folda lenye FLAC zako unaandika hivi:

for %f in (*.flac) do ffmpeg -i "%f" -b:a 96k "%~nf.mp3"

Inapita faili moja baada ya moja, majina yanabaki yale yale, FLAC hazijaguswa. Kwenda kutia kahawa na kurudi ishamaliza zote. Kama ni faili moja tu, ffmpeg -i bibi.flac bibi.mp3, ndo hayo tu.

Video sasa, na hapa nina donda.

Harusi ya dada ilirikodiwa kwenye mkanda wa deki, VHS. Miaka ile DVD zilipoanza kuenea tukaupeleka kwa fundi mmoja, jina silitaji, akatutilia kwenye DVD na mkanda hatukuuona tena, kasema umeharibika kautupa. Sisi tulikuwa hatujui, tukashukuru. DVD yenyewe ukiitia kwenye kompyuta kila kinachotembea kina mistari, mkono wa dada unapigwa hina na kila ukisogea unachanika vipande vipande kama meno ya chanuo. Miaka yote tukadhani ndo mkanda ulivyokuwa.

Kumbe si uharibifu. Video za PAL za zamani, ule mfumo wa tivii wa kwetu, zinapeleka picha nusu nusu, mistari ya witri na ya shufwa kwa zamu, mara hamsini kwa sekunde, ile tivii ya chogo iliweza kuzionesha hivyo bila wewe kujua, lakini skrini ya leo inazibandika mbili pamoja na kitu kilichosogea kinakuwa na meno. Inatibika. Nikatumia HandBrake, programu ya kugeuza video, ya bure vile vile, aliianzisha Eric Petit mwaka 2003. Unafungua ile folda ya VIDEO_TS iliyomo kwenye DVD, inakusomea yenyewe, unakwenda kwenye Filters unawasha Deinterlace, hiyo ndo dawa ya meno, kwenye Video unachagua H.264, namna ya kubana picha, na kile kipimo cha ubora kinachoitwa RF ukiweka 20 kwa video za ukubwa wa DVD uko salama. Kuwa na habari kwamba RF inakwenda kinyume, namba ikipungua ubora unapanda na faili linanenepa. Laptopu yangu kuukuu ilichukua zaidi ya saa. Nlipofungua nikaona kidole kwa kidole cha dada, na yule mpakaji hina, na kijistari cha hina kinavyoteremka kwenye kiganja bila kukatika. Dada yuko na watoto wanne sasa, akaangalia zile dakika mbili akazirudisha tena na tena.

Lakini rangi zilizotupwa na yule fundi alipobana ile DVD hazirudi, na mkanda haupo. Ndo nikasema lile ni donda. Ukipeleka mkanda wako kwa mtu mwambie kabla hajaushika kwamba unaurudisha, uwe mzima au mbovu.

Jengine kuhusu HandBrake, na hili ni la sie tunaokatiwa umeme. Ukichagua itoe MP4 na umeme ukaondoka katikati, ile nusu iliyokwishatoka haifunguki, kwa sababu faharasa ya MP4 kwa kawaida inaandikwa mwishoni kabisa na mwisho haujafika. Ukichagua MKV, nusu iliyotoka kwa kawaida inafunguka. Kwa hivyo mie kazi ndefu natoa MKV, halafu ikishamalizika salama naigeuza MP4 kwa FFmpeg:

ffmpeg -i harusi.mkv -c copy harusi.mp4

Sekunde chache tu, na ubora haushuki hata kidogo. Watu hawaamini, wanasema mbona kule ilichukua saa nzima na hapa mara moja. Sababu ni kwamba MKV, MP4, AVI, hizo ni pakacha tu, chombo cha kutilia. Ndani mna picha iliyobanwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana, H.264 au H.265 au nyengine, na sauti nayo ina kodeki yake. Unaweza kuyatoa machungwa kwenye pakacha ukayatia kwenye polo na chungwa halijaguswa, ndo maana ya lile neno copy. Kukonvati kweli kweli ni kuyamenya na kuyakamua, inachukua muda na ganda hulirudishi. Basi video ikikataa kwenye tivii ya shangazi usikimbilie kukamua, jaribu kwanza kubadilisha pakacha, mara nyingi linakwisha hapo. Ikikataa bado, basi labda ndani ni H.265, ambayo ilitoka 2013 na tivii za zamani haziijui, hapo ndo unarudi HandBrake unaitoa kwa H.264.

Na kama flashi inakataa faili na ina nafasi tele, angalia ukubwa, flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 na huo haupokei faili moja linalofika GB 4. Hilo si la kukonvati lakini nimeulizwa mara nyingi mno.

VLC nadhani kila mtu anayo, ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, ile yenye koni ya barabarani. Wengi hawajui kuwa inakonvati pia. Bonyeza Ctrl na R, tia faili, chagua unataka nini, anza. Kwa kutoa sauti ya mawaidha kutoka kwenye video inatosha kabisa. Kwa kazi ya maana siitumii, machaguo yake machache na mara nyengine sauti na midomo vinapishana.

Tafadhalini sana, jihadharini pahala mnapodaunlodi. Binamu yangu aliandika tu kwenye gugo konvata ya bure, akachukua ya juu, ikamjazia matangazo mpaka kompyuta ya skuli aloazimwa ikawa haifunguki, na ile programu yenyewe ilikuwa inakonvati dakika chache halafu inadai kadi ya benki. Nendeni kwa wenyewe: handbrake.fr, videolan.org, audacityteam.org, ffmpeg.org. Hata hao wenyewe si kwamba hawafikwi, Mei 2017 mtu alivunja seva moja ya kudaunlodi ya HandBrake akaweka faili la Mac lenye virusi, likakaa siku chache, na wenyewe wakatangaza hadharani na kueleza namna ya kujua kama umepata. Kwa hilo mie ndo nawaamini zaidi. Na zile tovuti za kukonvati mtandaoni, unapakia faili kwao wanakurudishia, kwa sauti ya bibi yangu siwezi, sijui inakaa wapi baada ya hapo, na bando lenyewe la kupandisha MB 300 linaumiza.

Sasa nna kanda tisa zilizokwisha, FLAC ziko pahala tatu, laptopu yangu, hard disk ya mama Wete, na flashi kwa mjomba Maskati. Mjomba kasema kwenye gari anaweka ile ya mvua. Zimebaki mbili zenye ukungu mwingi, na redio niloazima inaanza kula mkanda, naogopa kuzitia. Ijumaa ijayo napanda boti kwenda Wete inshaallah. Kama kuna mtu Unguja au Pemba ana deki nzuri ya kaseti, nzima, anaweza kuniazima kwa siku mbili, naomba aniambie kabla ya Alkhamisi, ntakuja kuifata mwenyewe na kuirudisha mwenyewe.